Desibeli Tatu za Kakuma

Hedifoni nzuri inapofika Kakuma huwa imeshaonja barabara. Imenunuliwa Nairobi, mara nyingi mtumba, ikapakiwa kwenye basi la Kitale, ikateremka Kapenguria na Marich, ikala vumbi la Lokichar hadi Lodwar, kisha ikaongezewa kilomita 120 hivi kuelekea kaskazini-magharibi. Niliyoishika mimi ni Beyerdynamic DT 770 Pro, kazi ya Wajerumani waliotoa hedifoni yao ya DT 48 mwaka 1937. Kwa wapenzi wa sauti wa Ulaya hiyo ni ya daraja la kati. Kakuma ni bei ya mbuzi kadhaa, na mwenyewe haimtoki machoni.

Mwenyewe ni produsa kijana, mzaliwa wa Kivu aliyekulia katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Kambi ilianzishwa mwaka 1992 kuwapokea vijana waliokuja kwa miguu wakikimbia vita Sudan, na tangu hapo wameingia Wasomali, Waethiopia, Warundi, Wakongo na wengine wengi. Mwaka 2016 rapa Octopizzo alitoa albamu ya Refugeenius akiwa na wasanii wakimbizi, na watu wa mbali wakaanza kusikia kile ambacho majirani walikuwa wakikisikia kila jioni: Kakuma ina waimbaji wengi kuliko studio. Studio ya kijana huyu ni chumba cha mabati chenye magodoro ukutani na kompyuta moja. Spika za kupimia sauti hana. Kila anachorekodi anakiamua kwa hedifoni hiyo moja, kwa hiyo ikimdanganya yeye, itawadanganya wote watakaonunua wimbo.

Dawa yake ni ikwalaiza. Wengi wetu tunaijua ile ya redio ya gari yenye vifungo vitano: unapandisha vya pembeni, besi inanguruma, trebo inalia, safari inaendelea. Matatu za Lodwar huenda hivyo na sina ugomvi nazo. Ya produsa ni ya namna nyingine, ile ambayo George Massenburg aliwaeleza wahandisi wa sauti mwaka 1972. Unachagua mwenyewe masafa unayotaka kuyagusa, unaamua eneo liwe pana au jembamba, ndipo unapandisha au kushusha. Anatumia Equalizer APO, programu ya bure ya Windows, na skrini yake haina cha kuvutia: ni mistari michache ya namba.

Alianza na makali. Hedifoni hii inajulikana kwa trebo inayochoma karibu na hezi 8,000, maeneo ambako mwimbaji akitamka «s» au «sh» unasikia kama unafinywa. Angeweza kunakili namba za mtu mwingine, zipo tele. Badala yake alicheza mlio mmoja mwembamba unaopanda polepole kutoka chini kabisa, sauti ikiwa ndogo, akafumba macho. Ulipomchoma alisimama, akaandika namba, akaurudisha nyuma, akaupitisha tena. Akafanya hivyo asubuhi, akafanya tena usiku, na namba zilipokubaliana ndipo alipokata: desibeli 4, eneo jembamba, basi.

Mimi nilipovaa, mlio ule ule ulinichoma juu kidogo ya pale ulipomchoma yeye. Hilo lina sababu yake. Mfereji wa sikio la mtu mzima una urefu wa sentimita 2.5 hivi, na mfereji huo peke yake hukuza sauti zilizo karibu na hezi 3,000. Juu ya hapo umbo la sikio la nje huongeza vilele na mabonde yake, na hakuna masikio mawili yaliyofinyangwa sawasawa. Grafu inayochorwa na mashine yenye sikio la mpira inasema kweli kuhusu sikio la mpira.

Sisemi hivyo kuwabeza wapimaji. Kuanzia mwaka 2012 hivi, Sean Olive na wenzake wa kampuni ya Harman waliwaketisha wasikilizaji wa Marekani, Canada, Ujerumani na China na kuwauliza wanapenda nini. Wengi walipenda hedifoni itoe sauti kama ya spika nzuri ndani ya chumba kizuri, besi ikiwa imeinuliwa kiasi. Turkana, kaunti ilimo Kakuma, haikuulizwa, lakini jibu lao linafaa kuwa mahali pa kuanzia, na Mfini Jaakko Pasanen ameligeuza kuwa namba tayari kwa maelfu ya hedifoni kupitia mradi wake wa AutoEq. Produsa alizijaribu namba hizo. Alisema ni nzuri, ila zinamfaa mtu aliyeketi mahali pakimya.

Kakuma si pakimya. Maduka na studio nyingi zimetegemea jenereta za wafanyabiashara na sola, na jenereta ya dizeli inayozunguka mara 1,500 kwa dakika haikosi kutoa mngurumo wa chini, ule ule unaokaa pale besi inapokaa. Sauti kubwa ya masafa fulani huifunika ndogo iliyo jirani yake. Kwa hiyo mchana, mashine ya jirani ikivuma, besi ya wimbo inamezwa, na mkono unawasha kutaka kuiongeza. Jioni mashine inazimwa, kompyuta inabaki kwenye betri, na wimbo uliotengenezwa mchana unageuka tope tupu. Maprodusa wengi huishia kuilaumu kompyuta.

Huyu ana faili mbili. Ya usiku inainua besi desibeli 3 chini ya hezi 105. Ya mchana inainua 5, na anaitumia kurekodi na kupanga tu. Hakuna uamuzi wa mwisho unaofanywa juu ya faili ya mchana, hata mteja awe amesimama mlangoni na pesa mkononi. Kuna jambo jingine analolilinda: kipimo cha sauti ya jumla. Fletcher na Munson wa maabara ya Bell walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikishushwa, sikio hupoteza besi upesi kuliko linavyopoteza sauti za kati. Ndiyo maana ameweka alama ya kalamu kwenye kifungo cha sauti, na haivuki wala haishuki chini yake anapopima.

Kinachonifanya nimwamini zaidi ni namna anavyolinganisha. Akiinua besi desibeli 3, anashusha sauti yote desibeli 3, kwanza ili mawimbi yasikatike vichwa ndani ya kompyuta, pili ili asijidanganye. Sikio hupenda kilicho juu. Kila muuza redio mjini Lodwar anajua: ongeza sauti kidogo tu na mteja atasema imekuwa safi. Kwa hiyo kabla na baada lazima viwe sawa kwa ukubwa, na mara nyingi vikisha kuwa sawa, badiliko lililoonekana muujiza linakuwa si kitu. Nimemwona akifuta kazi ya jioni nzima kwa sababu hiyo, bila kununa.

Kipimo chake cha mwisho ni edonga, dansi ya Waturkana. Ana rekodi aliyoichukua Lodwar wakati wa tamasha la Tobong'u Lore: kiongozi anaita, kundi linajibu, makofi, watu wanaruka. Edonga haihitaji ngoma ya kuwambwa. Miguu ndiyo inayopiga ardhi. Kishindo hicho kiko chini sana, kifupi, kikavu, kwa sababu mchanga unakinywa. Besi ikizidi, miguu inavimba na kusikika kama ngoma ya Kirundi, ambayo nayo anayo rekodi yake na anajua inavyotakiwa kuvuma. Ikipungua, watu wanaruka bila kutua. Katikati kuna hatari ya hezi 200 hadi 300, ambako vifua vya wanaume wengi wanaoimba pamoja hurundikana. Hapo alitoa desibeli 2, eneo pana, na kiongozi akajitenga na kundi bila kupandishwa.

«Sasa naona nani amesimama wapi, mzee,» aliniambia. Nilisikiliza rekodi hiyo mara mbili, na ikwalaiza na bila, nikakubaliana naye kuhusu miguu. Kuhusu makofi tunatofautiana. Yeye, aliyelelewa na gitaa la solo la Kikongo, anapenda makali yabaki pale kwenye hezi 4,000. Mimi ningeyapunguza kidogo. Amekataa, na hedifoni ni yake.

Rafiki yake wa Lodwar aliwahi kumwomba zile faili. Alimtumia orodha ya nyimbo kumi za kusikiliza, faili akabaki nazo, na kwa maoni yangu alimtendea haki. Pedi za hedifoni yake zimekwisha: jasho na joto la Turkana vimezibana zikawa bapa, na pedi bapa huleta spika karibu na sikio na kubadilisha jinsi besi inavyofungiwa ndani. Mpya zimeagizwa Nairobi. Zikishuka kutoka kwenye basi, desibeli 3 zake hazitakuwa 3 tena, na kazi itaanza upya kwa ule mlio mwembamba.