Mafundi wa B-52 na Elimu ya Metali Iliyochoka

Miongoni mwa kazi za mikono zilizozaliwa katika karne ya 20, ni chache zinazodai subira na uaminifu kama kazi ya kuitunza ndege ya kijeshi iliyokwisha kupita umri ambao wabunifu wake waliikadiria. Mfano ulio wazi kuliko yote ni B-52, ndege ya Marekani ya kudondosha mabomu katika masafa ya mbali, iliyoruka kwa mara ya kwanza tarehe 15 Aprili 1952, na ambayo toleo lake la mwisho, B-52H, lilimaliza kutoka kiwandani Wichita, katika jimbo la Kansas, mwezi Oktoba 1962. Zilitengenezwa 744 kwa jumla, na zilizobaki katika jeshi la anga ni 76, zote za toleo hilo la H, kwa hiyo karibu kila anayezirusha au kuzitengeneza leo amezaliwa baada yake, na ziko familia ambamo babu, baba na mjukuu wamezihudumia kwa kupokezana.

Kinachoizeesha ndege ya namna hii ni hasa kile ambacho wahandisi hukiita uchovu wa metali, yaani kudhoofika kwa kipande cha chuma au aluminiamu kinachokunjwa na kukunjuliwa mara nyingi mno kwa nguvu ndogo ambayo, kama ingekuja mara moja tu, isingekidhuru. Mabawa ya B-52, ambayo kutoka ncha moja hadi nyingine yanapita mita 56, hubeba mafuta mengi kiasi kwamba ndege ikijazwa ikiwa chini huinama na kuegemea magurudumu madogo yaliyowekwa karibu na ncha. Ikishapaa, mabawa hayo hupinda kwenda juu, na kila safari huwa ni mkunjo mmoja zaidi kwa mihimili ya ndani, kwa mabamba, na kwa maelfu ya ribiti zinazoyashikilia. Tena ndege hii ilibuniwa iruke juu sana, kwenye hewa tulivu. Makombora ya Umoja wa Kisovieti yalipopata uwezo wa kuifikia huko juu, marubani walilazimika kujifunza kuruka chini chini, kwenye hewa yenye misukosuko, na uhai wa metali ukaanza kuliwa kwa kasi ambayo haikuwamo katika hesabu za wabunifu. Tarehe 10 Januari 1964, B-52H moja iliyokuwa ikipima misukosuko hiyohiyo karibu na milima ya magharibi ya Marekani ilikatika sehemu kubwa ya mkia wake wa wima, na waliokuwamo wakafanikiwa kuitua salama Blytheville, jimbo la Arkansas, saa kadhaa baadaye. Ilitengenezwa, ikarudi kazini, ikaendelea kuruka kwa zaidi ya miaka 40.

Ufa wa uchovu huanzia mahali pa siri, mara nyingi kwenye ukingo wa tundu la ribiti, nao huwa mwembamba kiasi kwamba jicho huupita bila kushtuka. Ili kuutafuta, fundi husafisha bamba hadi lisibaki na tone la grisi, hupaka rangi ya majimaji yenye uwezo wa kupenya kwenye mwanya mdogo kabisa, husubiri dakika zilizoandikwa kwenye mwongozo bila kupunguza hata moja, hufuta rangi yote iliyobaki juu, kisha hupuliza unga mweupe unaofyonza ile iliyojificha ndani. Akizima taa na kumulika kwa mwanga wa urujuanimno, ufa hujichora wenyewe kwa mstari wa kijani unaong'aa. Ziko njia nyingine za ukaguzi usioharibu kinachokaguliwa, kama vile mikondo ya umeme, eksirei na mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio la binadamu, lakini zote huishia kwenye hukumu ya mtu aliyeshika chombo. Ufa ukiwa mfupi, na ukiwa mahali panaporuhusiwa, hutobolewa tundu dogo la duara kwenye ncha yake hasa, kwa sababu nguvu inayopasua hukusanyika penye ncha kali na kutawanyika penye mviringo, ndipo kiraka kifungwe juu yake kwa ribiti mpya. Tundu likiikosa ncha kwa milimita moja, ufa utaendelea kutambaa chini ya kiraka, mahali ambapo hakuna atakayeuona, na ni katika milimita hiyo ndipo heshima yote ya kazi hii ilipo.

Kutu nayo ina kazi yake. Mkazi wa Tanga au Mombasa, aliyezoea kuona upepo wa bahari ukiyala mabati ya nyumba yake, hahitaji kuelezwa kinachoipata ndege iliyowekwa Guam au Diego Garcia, isipokuwa kwamba aluminiamu haigeuki nyekundu: huchanua unga mweupe kwenye viungo, chini ya rangi, na kuvimba polepole. Kwa sababu hiyo kila B-52 hupelekwa, kila baada ya miaka minne hivi, kwenye karakana kuu ya Tinker, jimbo la Oklahoma, ambako hufunguliwa na kuchunguzwa sehemu zake za ndani. Huko ndiko hudhihirika kwamba baada ya miongo sita hakuna tena ndege mbili zilizo sawa, kwani kila moja ina viraka vyake na historia yake ya mitetemo. Hata mikunjo inayoonekana kwenye ngozi ya kiwiliwili, ambayo mgeni angeidhani ni dalili ya uharibifu, ni hali ya kawaida ya bamba jembamba lililobeba uzito ndege ikiwa chini; fundi mzoefu huitofautisha na mkunjo wa maradhi kwa kuwa anaifahamu ndege ileile, kwa namba yake.

Uaminifu wa kazi hii hauachiwi dhamiri pekee. Hitilafu yenye hatari huandikwa katika kumbukumbu za ndege kwa alama ya X nyekundu, maana yake ndege hairuki, na kwa kawaida aliyefanya matengenezo si yeye anayeifuta, ila mkaguzi mwenye idhini baada ya kuiona kazi kwa macho yake. Spana na bisibisi huhesabiwa kabla na baada ya kazi, na kimoja kisipoonekana ndege huzuiwa hadi kipatikane, kwa kuwa chombo kilichosahauliwa penye nyaya za usukani kinaweza kuwaua watu ambao fundi hajapata kuwaona. Ni vigumu kuitaja taaluma nyingine ambamo kukiri kosa hurahisishwa na kulindwa kiasi hiki, na pengine hilo ndilo jambo bora kuliko yote ambayo kazi hii imeyazaa.

Viwanda vingi vilivyotengeneza vipuri vya awali vimekwisha kufungwa, kwa hiyo fundi hulazimika kukipima kipuri cha zamani na kukichonga upya, au kukitafuta Davis-Monthan, karibu na Tucson, jimbo la Arizona, ambako hewa kavu huhifadhi maelfu ya ndege zilizostaafu. Kutoka uwanja huo zimefufuliwa B-52 mbili: ile iitwayo Ghost Rider iliondoka mwaka 2015, na Wise Guy, iliyokuwa imelala tangu 2008, ikaondoka mwaka 2019. Ndani ya chumba cha rubani cha Wise Guy ilikutwa karatasi iliyoachwa na waliomleta mzee huyo, wakiomba atunzwe vyema mpaka atakapohitajiwa tena.

Sifa hizi zingekuwa pungufu kama zingenyamazia kazi ya ndege yenyewe. Mabomu ya B-52 yaliangukia mtaa wa Khâm Thiên mjini Hanoi tarehe 26 Desemba 1972 na kuua raia wengi, na ustadi wa fundi, hata uwe safi namna gani, haumtoi katika mnyororo ulioyafikisha mabomu hayo. Uwanja uleule wa Davis-Monthan ulishuhudia B-52 365 zikikatwa vipande kwa patasi kubwa iliyoangushwa kutoka kwenye winchi, kutimiza mkataba wa kupunguza silaha za nyuklia, na mabaki yakaachwa wazi ili satelaiti za upande wa pili zihakiki. Hiyo pia ilikuwa kazi ya mafundi, na ilistahili kufanywa kwa makini yaleyale.

Injini nane za TF33 za kila ndege sasa zimepangiwa kupisha F130 za Rolls-Royce, zilizochaguliwa mwaka 2021, na ndege zitakazobadilishwa, zikiitwa B-52J, zinatarajiwa kuruka hadi miaka ya 2050. Mabawa yatabaki yaleyale ya Wichita. Mwanagenzi anayeingia Tinker leo akiwa na miaka 20 atakuwa anakaribia 50 ndege hizi zitakapostaafu, na mengi atakayoyahitaji hayamo katika mwongozo wowote, bali yamo katika mikono ya wazee wanaokaribia kuondoka, kwa hiyo miaka michache ya kufanya nao kazi bega kwa bega inastahili kupangiwa fedha na muda sawasawa na injini mpya.