Nyota tano za telefoni hazitoshi

Nianze na maneno mawili ya Kifaransa: *lire* na *rire*. La kwanza ni kusoma, la pili ni kucheka. Ukikulia Kashuga, kwenye ile barabara ya kutoka Mweso kwenda Kalembe, ulimi wako umelelewa kati ya Kinyarwanda, Kihunde na Kiswahili chetu, na humo "l" na "r" zinabadilishana nafasi bila mtu kulalamika. Lakini siku ya mahojiano ya kazi huko Goma, ukisema unapenda *lire* na wao wakasikia *rire*, watajiuliza umekuja kutafuta kazi au kuchekesha watu.

Ndiyo maana vijana wengi tunapakua programu za kufundisha matamshi. Mimi nilijaribu moja ya Kiingereza. Inasema sentensi, unarudilia, inakupa nyota. Sentensi moja niliirudilia mara kumi. Mara ya nane nikapata nyota zote tano, mara ya tisa nikaanguka, na mimi sikubadilisha kitu. Rafiki yangu akacheka: "Hii telefoni haiko na masikio!"

Alisema kweli. Programu haisikii kama mwalimu. Inalinganisha sauti yako na zile sauti ilizofundishwa nazo, na kama watu wanaosema kama sisi ni wachache humo, itakosea. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walipima mifumo mitano ya kutambua sauti: ya Amazon, Apple, Google, IBM na Microsoft. Kwa Wamarekani weupe ilikosea wastani wa maneno 19 kwa kila 100. Kwa Wamarekani weusi, 35. Na hao wamezaliwa na Kiingereza! Sasa sisi wa Masisi, tunaofika kwenye Kiingereza kwa kupitia Kifaransa, tutaponea wapi?

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Ile programu yangu ilionyesha neno kwa rangi nyekundu, basi. Haikusema ulimi uende wapi. Kiswahili kiko na vokali tano tu, kwa hiyo *ship* na *sheep* kwetu ni neno moja, na *tu* ya Kifaransa tunaitamka "ti". Mwalimu mzuri anakuambia: sema "i", usisogeze ulimi, halafu zungusha midomo kama unataka kusema "u". Sentensi moja, na umepata. Rangi nyekundu mara mia haiwezi kukupa hiyo.

Tena inatufundisha kuona haya. Mwaka 1995 Murray Munro na Tracey Derwing, huko Kanada, walionyesha kwamba mtu anaweza kuwa na lafudhi nzito na bado akaeleweka vizuri kabisa. Basi tutenganishe mambo. Kuchanganya *lire* na *rire* kunaharibu maana, tukurekebishe. Kukosa "r" ya Paris hakuharibu kitu, tukuache. Mashine inayoadhibu yote mawili sawasawa inamnyamazisha mwanafunzi, na mwanafunzi aliyekimbia vita mara mbili, tatu, na kubadilisha shule kila mara, ameshanyamazishwa vya kutosha.

Sisemi tutupe telefoni. Kitu kilichonisaidia kilikuwa ndani yake tangu siku niliponunua: kinasa sauti. Hakitaki rezo, hakitaki mega, kinataka chaji tu. Nilinasa sentensi moja ya habari za Kifaransa kutoka Radio Okapi, kisha nikanasa sauti yangu nikisema ileile, nikazisikiliza moja nyuma ya nyingine. Aibu ilikuwepo, lakini nilijisikia mwenyewe pale "l" ilipogeuka "r". Halafu nikampa rafiki sauti yangu bila kumwonyesha maandishi: "Andika unachosikia." Alichoandika ndiyo alama yangu ya kweli, kwa sababu alikuwa mtu anayejaribu kunielewa.

Walio na kompyuta wanaweza kuongeza Praat, programu ya bure iliyotengenezwa Amsterdam, inayochora sauti ili uione kwa macho. Wengine, watu wawili na telefoni moja mnatosha. Jioni hii jaribuni na *lire* na *rire*, mmoja aseme, mwingine aandike, kisha mbadilishane.