Ujira na Hiari: Neno juu ya Waraka wa Papa Leo XIII

Waraka wa Papa Leo XIII uitwao Rerum Novarum, wa tarehe 15 Mei 1891, ulitokana na taabu za wafanya kazi katika viwanda vya Ulaya. Wengi husifu jinsi unavyoitetea haki ya mtu kuwa na mali yake na kuyakataa mafundisho ya wasosialisti. Lakini kwa maoni yetu kiini chake ni maneno machache juu ya ujira, na hayo hayafundishwi vya kutosha.

Bwana wa kazi hujitetea hivi: tulipatana, nami nimelipa tulichopatana. Tena mithali iko ya kumsaidia: Hiari yashinda utumwa. Papa ajibu kwamba mapatano yana mpaka. Kazi ni mali ya mtu mwenyewe. Lakini pia ni ya lazima, kwa kuwa maskini hana njia nyingine ya kuulinda uhai wake, na kuulinda ni wajibu. Basi mtu akikubali ujira usiomtosha mtu mwenye kiasi na mwenendo mwema, kwa kuogopa baya zaidi, huko si kupatana, ni kudhulumiwa. Wazee walilijua hilo waliponena: Mwenye njaa hana miiko. Hiari ya mwenye njaa si hiari.

Hata hivyo waraka una upungufu. Kipimo chake cha haki chamtazama mfanya kazi peke yake. Mke na watoto watajwa baadaye, penye habari ya kuweka akiba. Papa Pius XI alilikamilisha neno hilo katika Quadragesimo Anno, tarehe 15 Mei 1931: ujira umtoshe yeye na jamaa yake, wala sadaka haishiki mahali pa haki iliyozuiliwa.

Lugha nayo yatuonya. Kibarua ni barua ndogo, yaani cheti alichopewa mtu wa kazi ya kutwa; kisha jina la cheti likawa jina la mtu. Ndilo kosa alilolaumu Papa Leo, kumhesabu mtu kuwa chombo cha kuleta faida.

Kwa hiyo mwalimu afundishapo amri ya saba asiishie kwa mwizi wa kuku. Autazame na mkono ulipao, akianza na misioni yenyewe: mpishi, fundi, mtunza bustani. Nguo ya sikukuu haifuti mshahara uliopunjwa. Mtu huyo si maskini wetu wa kusaidiwa. Yeye ndiye mdai, na sisi tu wadeni wake.