Hikma si Illa: Kasoro ya Hoja ya Faida za Kiafya

Imekuwa ada katika khutba na mawaidha yetu, hapa Miyuji kama kwingineko, kila amri na kila katazo kutafutiwa faida ya mwili. Saumu inapumzisha tumbo, udhu unaondoa vijidudu, pombe inaharibu ini. Hatukatai kuwa faida hizo zipo. Tunachokosoa ni kuzifanya ndizo sababu ya hukumu.

Kijana anayesikia hivyo atauliza, na ana haki ya kuuliza: je, glasi moja ya mvinyo wa Dodoma, isiyomdhuru ini? Khatibu aliyejenga hoja yake juu ya ini hana jibu. Qur'ani yenyewe haikulificha jambo hili. Suratul Baqara, aya ya 219, inakiri kuwa katika ulevi mna manufaa kwa watu, ila dhambi yake ni kubwa zaidi. Suratul Maida, aya ya 91, inataja uadui, chuki na kuzuiliwa na sala. Ini halikutajwa.

Maulamaa wa usuli walitenganisha illa na hikma. Illa ni sifa ya wazi ambayo hukumu imefungwa nayo; hikma ni maslahi yapatikanayo kwa hukumu hiyo. Illa ya uharamu wa pombe ni kulewesha, na kichache cha kinacholewesha kinaingia humo humo. Tazama safari. Tangu 2024 treni ya umeme inatufikisha Dar es Salaam kwa saa tatu na ushei, tena kwenye kiyoyozi. Taabu haipo, lakini msafiri anapunguza sala, kwani illa ni safari, si uchovu. Mbeba zege wa Miyuji, aliyeshinda juani, hapunguzi hata rakaa moja.

Lakini hikma nayo ina mahali pake. Zabibu ni halali. Illa haimo ndani yake. Je, kuiuzia kiwanda cha mvinyo? Abu Hanifa aliruhusu kumuuzia mtengeneza pombe maji ya zabibu. Wanafunzi wake Abu Yusuf na Muhammad wakachukia. Kwetu Mashafii, muuzaji akiyajua matumizi hayo, kauli inayotegemewa ni uharamu. Mkulima Muislamu wa Dodoma, anayevuna mara mbili kwa mwaka tunda lisilokaa siku nyingi, yuko ndani ya mas'ala haya hasa. Khutba juu yake hatujaisikia.