Nywila 3,500: Saint Paul Ilivyorudisha Akaunti Mikononi mwa Wenyewe

Mifumo ya kompyuta ya Saint Paul, mji mkuu wa jimbo la Minnesota, iligunduliwa kuwa imevamiwa na wadukuzi tarehe 25 Julai 2025. Siku chache baadaye uongozi wa jiji uliizima mifumo hiyo kwa makusudi ili uvamizi usienee, na tarehe 29 Meya Melvin Carter akatangaza hali ya dharura huku Gavana Tim Walz akiwaita wataalamu wa mtandao wa Jeshi la Walinzi wa Taifa. Kwa anayefanya kazi za kujitegemea, awe mkalimani, mtunza vitabu au mtengeneza tovuti, sehemu ya tukio hilo yenye faida kubwa zaidi ni utaratibu uliotumika kurudisha akaunti.

Kundi la Interlock, lililojitokeza kudai kuhusika, hutumia programu ya kudai fidia, yaani programu hasidi inayonakili mafaili ya mwathirika na kisha kuyafunga kwa usimbaji fiche, ili hata mwenye nakala rudufu aendelee kutishwa kwamba siri zake zitaanikwa. Tarehe 22 Julai, siku tatu tu kabla ya uvamizi kugunduliwa, FBI na CISA, wakala wa serikali ya Marekani unaoshughulikia usalama wa mtandao, walikuwa wametoa tahadhari kuhusu kundi hilo na kueleza hila yake mojawapo: ukurasa bandia humtaka mtu athibitishe kwamba yeye si roboti, kisha humwelekeza abandike na kuendesha kwenye kompyuta yake amri asiyoielewa. Programu zinazoingizwa kwa njia ya namna hiyo huweza kunasa kila herufi inayochapwa, kukusanya nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, na hata kuiba kuki za kikao, yaani vijifaili vinavyoijulisha tovuti kwamba mtumiaji amekwisha kuingia. Mwenye kuki iliyo hai mara nyingi haulizwi nywila wala namba ya uthibitisho.

Ndiyo maana kubadilisha nywila kwenye kompyuta yenye programu hiyo, au kupitia barua pepe inayosomwa na mdukuzi, ni kumkabidhi mwizi ufunguo mpya. Saint Paul iliepuka mtego huo kwa njia inayochosha lakini imara: kuanzia tarehe 10 Agosti watumishi wapatao 3,500 waliitwa kwenye ukumbi wa Roy Wilkins, wafike wenyewe, wathibitishwe kuwa ndio, kisha nywila zao zibadilishwe. Uthibitisho ulipita mahali ambapo mdukuzi, popote alipo, hana mkono wa kufika.

Mfanyakazi wa kujitegemea hana ukumbi wala askari, lakini mpangilio ule ule unamfaa, na kosa la wengi ni kuupindua. Kifaa husafishwa kwanza, au hatua zinazofuata hufanywa kwenye kifaa kingine kilicho salama. Ndipo hubadilishwa nywila ya barua pepe, kwa kuwa akaunti nyingine zote hurejeshwa kupitia hiyo. Vikao vyote vilivyo wazi hufungwa, la sivyo kuki iliyoibwa huweza kuendelea kufanya kazi. Mwishowe hufuata akaunti za malipo na za masoko ya kazi. Njia isiyofikiwa na mdukuzi nayo huandaliwa mapema: misimbo ya akiba iliyochapwa kwenye karatasi, na ufunguo wa usalama, kifaa kidogo cha USB kinachokagua anwani halisi ya tovuti na kwa hiyo hakidanganyiki na ukurasa bandia. Ujumbe mfupi wa simu ni bora kuliko kutokuwa na chochote, ila namba huweza kuhamishiwa laini ya tapeli, hila inayojulikana vyema Nairobi na Dar es Salaam ambako namba ya simu ndiyo pochi.

Jiji lilikataa kulipa fidia, na Interlock ikaanika takriban gigabaiti 43 za data zilizotoka kwenye hifadhi ya pamoja ya idara ya bustani na burudani, zikiwamo nakala za vitambulisho. Mkalimani au mtunza vitabu ambaye bado ana nakala za pasipoti na fomu za kodi za wateja wa miaka iliyopita, na ambazo sheria haimlazimu kuzitunza, azifute leo.