"Futa ibdata1": shauri lenye linatutia hasara

Leo tuongee juu ya zile video fupi zenye zinaonyesha namna ya kuamsha MySQL ikikataa kuanza. Kwa wengi wetu, ile ndiyo shule ya informatika tuko nayo, kwa hiyo inafaa tuzipime kama tunavyopima kitabu. Zinaenda haraka, zinasema wazi, na mwishoni rangi ya kijani inawaka. Kosa liko fasi moja: haziulizi ugonjwa ni gani.

Mimi ni agronome. Jani la muhogo likigeuka manjano, singoi shamba lote. Naangalia kwanza: ni mozaiki, ni wadudu, ao udongo umechoka? Seva nayo ni vile vile. Katika XAMPP, pengine programu ingine imekalia poti 3306. Pengine diski imejaa. Pengine umeme ulikatika na faili za aria_log zikaharibika. Sababu tatu, dawa tatu. Na sababu inaandikwa: folda mysql/data, faili mysql_error.log, mistari ya mwisho. Video nyingi zenye niliona hazifungui hata hiyo faili.

Mbaya zaidi ni ile inasema: "Futa ibdata1, anzisha tena." Pengine seva inaamka kweli. Lakini ibdata1 ndiyo inabeba orodha ya ndani ya majedwali yote ya InnoDB. Ukiifuta, majina yanabaki katika phpMyAdmin, lakini ukifungua moja, unaambiwa haiko katika injini.

Najua, sababu tulifanya vile. Hapa Kailo tulikuwa na liste ya walimaji wa mpunga na muhogo: jina, mgini, shamba, mbegu walipokea. Jenereta ikazimika katikati ya kazi. Tukafuata video, tukafurahia kijani, kisha hakuna kitu kilifunguka. Tulirudi mgini kwa mgini na daftari. Mama mmoja akaniuliza: "Mwanangu, jina langu mulilipeleka wapi?" Nikakosa jibu.

Tuseme haki: kuna video ingine bora. Inabadilisha jina la folda data, inakopi folda backup ikuwe data mpya, kisha inarudisha folda zako pamoja na ibdata1 ya zamani. Ile inaheshimu mali ya mtu. Lakini nayo inaruka swali la sababu.

Na wengi hawasemi kama InnoDB ilitengenezwa kujitibu: ikizimika ghafla, inasoma ib_logfile0 na kurekebisha kazi yenye ilibaki njiani. Mara mingi tunaharakisha kufuta kitu chenye kingejiponya.

Kwangu, video nzuri inafanya mambo matatu: inakopi folda yote ya data mbele ya kugusa kitu, inasoma log, inataja sababu. Ile haifanyi hivyo, musiwatumie wadogo zetu. Rangi ya kijani haiko mavuno.