Pongezi kwa Fundi wa Muziki wa Matatu

Abiria wa matatu za Nairobi humsifu dereva kwa mbio na kondakta kwa maneno; fundi aliyefunga muziki hasifiwi na mtu. Mimi namsifu, hasa yule anayejua kupanga amplifaya.

Wengi hudhani kile kiskurubu cha geini ni cha kuongeza sauti. Fundi anayeijua kazi hukitumia kulinganisha amplifaya na umeme unaotoka kwenye redio. Huzima nyongeza zote za besi, huchomoa spika, hupandisha redio hadi kama robo tatu, kisha hucheza mlio mmoja usiobadilika. Hapo huweka mita kwenye vituo vya spika na kuzungusha bisibisi taratibu. Amplifaya ni ya wati 400, spika ni ya omu 4? Husimama kwenye volti 40, kwa kuwa 40 mara 40, gawanya kwa 4, ni 400. Akipita hapo, mawimbi hukatwa vichwa, sauti hukwaruza, na koili ya spika hupata moto hadi kuungua.

Mwenye gari humsihi aongeze kidogo tu (wenye magari hawatosheki). Naye hukataa, hata kama malipo bado hayajatoka mfukoni.